Sushi ya mkunga ina faida gani mwilini, na lile bango letu tulikosea wapi

Kila tukiposti menyu ya wikiendi swali la kwanza linaloingia WhatsApp sio bei, ni hili: "mkunga yupi huyo, wa leba?" Jamani sio wa leba. Mkunga tunayemsema sisi ni samaki, yule mrefu anayejinyonganyonga, wengine mnamuita samaki nyoka na mkishasema hivo hamu inakata hapo hapo. Wajapani wanamuita unagi, anakulia kwenye maji baridi, mitoni na maziwani, na wao wanampasua, wanamtoa mfupa, wanamchoma kwenye mkaa huku wanampaka sosi tamu mpaka ang'ae, afu anakatwa kipande anawekwa juu ya kitonge cha wali. Basi hiyo ndo sushi ya unagi, na ndo inayoisha mapema kuliko zote hapa kwetu.

Leo naandika kwa sababu ya bango. Mliowahi kuja dukani mnalikumbuka, lilikuwa juu ya kaunta, SUSHI YA MKUNGA, OMEGA 3 KIBAO, VITAMINI KIBAO, HAINA WANGA, WENYE SUKARI KARIBUNI. Nililiandika mimi mwenyewe usiku nimechoka, nimefungua jedwali la lishe la samaki nikaona kwenye wanga pameandikwa sifuri nikafurahi kama nimeokota hela. Sasa kuna dada mmoja mteja wetu wa siku nyingi akampelekea baba yake, mzee ana kisukari, roli mbili nzima (zile sushi za kuviringishwa, moja ina vipande vinane) kwa kuliamini lile bango, mzee akala zote na sosi ya ziada akaomba, jioni kupima, kipimo kimepanda vibaya. Namshukuru Mungu hakulazwa. Yule dada akanipigia, na wala hakunitukana, aliniuliza tu kwa upole, "kaka, na ule wali mlihesabu ni nini?" Nilikosa cha kujibu. Bango tukalishusha siku ile ile na haya ndo maelezo niliyopaswa kuyaandika tangu mwanzo.

Tuanze na samaki mwenyewe maana yeye hana kosa.

Serikali ya Japani ina jedwali lake la vyakula, na unagi aliyekwishachomwa na sosi yake, ile wanayoiita kabayaki, gramu 100 zina kalori kama 285, protini gramu 23 na mafuta gramu 21. Huyu sio samaki mwembamba kwa kweli, ukimshika unaona mafuta yanabaki vidoleni, na ndo maana akiwekwa mdomoni anayeyuka. Lakini mafuta yenyewe mengi ni yale mazuri ya samaki, ndani ya hizo gramu 100 DHA peke yake ni kama miligramu 1300 na EPA kama 750, hizo ndo omega 3 ambazo watu wananunua kwenye vidonge. Kolesteroli nayo ipo, zaidi ya miligramu 200, nasema mapema asije mtu akasema nilificha tena.

Anapotisha huyu samaki ni kwenye vitamini A. Gramu 100 zina mikrogramu kama 1500, wakati mwanamke mzima kwa siku anahitaji kama 700 na mwanaume 900. Yani kipande cha ukubwa wa kiganja kinakupa ya siku nzima na inabaki. Na hii sio ile ya karoti na viazi lishe, maana kule ni betakarotini ambayo mwili wenyewe ndo unaibadilisha kidogo kidogo kwa kadiri unavyotaka, kwa mkunga inakuja ikiwa tayari imeshakuwa vitamini kamili, pamoja na mafuta ya kuisafirisha. Macho, ngozi, kinga ya mwili, vyote vinaitegemea. Nitairudia hii mbele kwa sababu utayari wake huo huo ndo unaoleta angalizo kwa wajawazito.

Vitamini D ni mikrogramu 19 hivi, na mtu mzima anashauriwa 15 kwa siku. Sisi tuna jua la kutosha lakini angalia tunavyoishi, asubuhi ofisini, jioni kwenye foleni, ngozi inaliona jua kupitia kioo cha daladala, kwa hiyo vitamini D ya kwenye sahani sio ya kuidharau. B12 ipo mikrogramu 2.2, karibu yote unayotakiwa kwa siku. Kuna B1 miligramu 0.75, vitamini E kama 5, na kalsiamu 150. Kwa hiyo sehemu ya bango iliyosema vitamini kibao haikuwa uongo.

Sasa ngoja. Nani anakula gramu 100?

Hapa ndo nilipojichanganya, na nahisi sio mimi peke yangu, maana mitandaoni kila mtu anaposti namba za gramu 100 afu anaweka picha ya sushi mbili. Nigiri moja, yani kile kitonge cha wali na kipande cha samaki juu, kwetu ina mkunga gramu 15 na wali gramu 20. Tumepima juzi kwenye mizani ya jikoni, vipande kumi, vinachezea hapo hapo. Oda ya kawaida ni nigiri mbili, kwa hiyo umekula mkunga gramu 30, sawa na vitamini A mikrogramu 450 hivi, bado ni nyingi, vitamini D karibu 6, protini gramu 7 ambayo inalingana na yai moja kubwa kidogo, na omega 3 zote mbili ukijumlisha miligramu 600. Sio mbaya hata kidogo kwa vipande viwili! Ila B12 inashuka mpaka chini ya theluthi moja ya mahitaji yako na B1 ni kama sehemu moja ya tano, sasa mtu akikwambia kala sushi mbili za unagi kamaliza lishe ya siku, mcheke taratibu.

Roli ni habari nyingine kabisa. Roli yetu ya vipande vinane ina mkunga gramu 40 tu, tango, parachichi, halafu wali gramu 130. Soma tena, samaki 40, wali 130. Na wali wa sushi sio wali mtupu, unachanganywa na siki, sukari na chumvi ukiwa wa moto, ndo unapata ule ung'avu na kale kautamu. Gramu 130 za wali huo ni kama gramu 45 za wanga, karibu slesi tatu za mkate. Mzee wetu alikula roli mbili, kwa hiyo slesi sita za mkate mweupe kwa mkupuo mmoja, na juu yake sosi.

Sosi yenyewe, kusema ukweli, ndo inayouza. Ya asili ni soya, sukari na mirin (pombe tamu ya mchele, kwetu haimo, nitaeleza mbele) inachemshwa polepole mpaka inakuwa nzito kama asali. Bila sukari haiwi nzito wala haing'ai, hakuna ujanja hapo. Tukikupakia kama Wajapani wanavyopaka, kwa brashi, inakuwa kidogo tu, tatizo ni sisi wabongo, tunapenda imwagiliwe, na mimi mfanyabiashara nilikuwa namwaga kwa sababu picha inatoka vizuri Instagram. Tumeacha. Sasa hivi sosi inakuja pembeni kwenye kikopo na ukitaka nyingine unaomba, sio kwamba tumekuwa wabahili.

Na hili la kuchovya: unagi hachovywi kwenye soya. Ameshapakwa soya toka jikoni, ana chumvi yake tayari, kama gramu 1.3 katika kila gramu 100. Kijiko kimoja kikubwa cha soya ya kawaida kina chumvi zaidi ya gramu 2, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, chakula chote. Wenye presha mnanielewa. Wajapani wanamnyunyizia unga wa sansho, ka pilipili kao kenye harufu ya ndimu kanakotia ganzi ulimi, kanapunguza uzito wa mafuta na chumvi hakana. Tunakaagiza kidogo, ukikakuta omba.

Mama wajawazito, njooni hapa pembeni

Hili swali linakuja sana na mara nyingi anauliza mume. Habari njema ni kwamba kwa kawaida unagi haliwi mbichi. Damu yake ikiwa mbichi ina sumu, joto la kupika ndo linaiua, kwa hiyo hata Mjapani anayependa samaki mbichi huyu kwa kawaida anampika. Sisi tunamchoma mpaka ndani. Kwa hiyo ule woga wa samaki mbichi, kwa unagi haupo (na ndo maana huwa nawaanzishia yeye watu wanaojaribu sushi mara ya kwanza, wale wanaokuja wamekunja uso).

Ila sasa ile vitamini A. Mtu mzima, mjamzito akiwemo, kikomo cha vitamini A ya aina hii ya wanyama ni mikrogramu 3000 kwa siku, na ikizidi mara kwa mara hasa miezi mitatu ya kwanza inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ndo sababu ile ile kliniki wanawaambia msiendekeze maini. Nigiri mbili siku mojamoja haikufikishi huko hata robo. Lakini bakuli kubwa la unadon, lile la wali na mkunga mzima juu, lina gramu 150 za samaki au zaidi, hapo umeshapita 2000, na kama asubuhi ulikula maini au unameza vidonge vya mafuta ya ini la samaki umevuka mpaka. Ini la mkunga lenyewe, ambalo Japani linachomwa kwenye vijiti na kutiwa kwenye supu, lina vitamini A nyingi zaidi kuliko nyama yake. Sisi hatuliuzi, ila ukisafiri ukaliona ujue. Mjamzito akituambia tunampa nigiri na unadon hatumpi, na akinuna mumewe sawa, arudi na ruhusa ya nesi.

Nguvu

Haya, mlikuwa mnasubiri hapa. DM zinazoingia saa tano usiku nazijua, "bro huyu samaki si ndo anaongeza nguvu?" Japani kweli anajulikana kama chakula cha kurudisha nguvu, lakini nguvu inayosemwa ni ya mwili uliochoka na joto. Kiangazi chao kina unyevu mbaya, mtu anakosa hamu ya kula anakonda, na karne ya 8 huko kuna mshairi alishamwandikia rafiki yake mwembamba kwamba ale unagi anenepe. Ukiangalia lishe inaeleweka, mtu hajala vizuri wiki mbili ukimpa mafuta, protini na B1 lazima ainuke.

Halafu kuna ile siku ya ng'ombe, jina la siku kwenye kalenda yao ya kale, katikati ya kiangazi, kwa kawaida mwishoni mwa Julai, ambayo Japani nzima inapanga foleni kula unagi. Inasimuliwa kwamba muuza mikunga mmoja biashara ilimlalia wakati wa joto, maana mkunga wa mtoni ananona zaidi msimu wa baridi, akamwendea msomi mmoja anaitwa Hiraga Gennai, mtu wa karne ya 18, naye akamwambia bandika tangazo mlangoni kwamba leo ni siku ya ng'ombe, kula unagi. Watu wakajaa. Wenzake wakaiga na mpaka leo. Mimi nikisoma hiyo hadithi naona wivu tu, bango la mwenzangu limedumu zaidi ya miaka 200, langu lilidumu wiki tatu na likampandisha mzee sukari.

Kwa kifupi kaka zangu wa saa tano usiku, hatuuzi dawa. Ni samaki mtamu.

Mambo ya dini pia yanaulizwa na ni haki yenu kuuliza. Mirin ni pombe tamu ya mchele, na sosi ya asili inatiwa na sake pia, pombe nyingine ya mchele. Wateja wetu wengi ni Waislamu, sosi yetu tunapika bila hivyo, tunatumia siki ya mchele, sukari na maji, ladha inapungua kidogo sio siri. Lakini mkunga mwenyewe anakuja kwenye frizi ameshachomwa na kupakwa, anatoka China ambako ndo wanafuga wengi kuliko wote duniani, kwa hiyo tunasoma lebo, pakiti yenye mirin au sake hatuichukui, na hata hiyo tunayochukua tunaisuuza kwa maji ya moto, tunamkausha, tunamchoma upya na sosi yetu. Kusuuza huko kunapunguza na sukari na chumvi ya kiwandani, faida mbili. Ndugu zetu Mashia wengi wenu hamli samaki asiye na magamba, na Wasabato vile vile, na huyu magamba yake ni madogo mno yamezama kwenye ngozi huyaoni, kwa hiyo tusije tukakuuzia kimya kimya, tunasema mapema. Roli ya samoni ipo.

Swali la Feri

Mzee mmoja mvuvi alinicheka sana, anasema mnanunua mkunga wa Kichina kwa bei ya bati wakati pale Feri, soko la samaki la Dar, nakuletea mkunga mkubwa kama mguu wangu. Mzee wangu, yule wa kwenye matumbawe, mwenye madoa na meno ya nje, ni ukoo mwingine. Tena wale wa matumbawe wanaweza kubeba sumu ya siguatera wanayoipata kwa kula samaki wengine, na ile sumu haifi kwa moto wala barafu, upike uwezavyo. Watu wanamla miaka yote ndio, lakini kwenye biashara yangu simuweki. Wanaofanana na unagi kweli ni wale wa mitoni, Rufiji wapo, Pangani wapo, Tana kule Kenya wapo, ni jamaa wa ukoo mmoja kabisa, wanakulia kwenye maji baridi na kushuka baharini kuzaa. Japani pia wana mkunga wa baharini wanaomla kwenye sushi, anaitwa anago, mara nyingi anapikwa laini badala ya kuchomwa, mafuta yake ni kama nusu ya unagi na vitamini A nayo ni pungufu. Kwa anayehesabu kalori yule ni mzuri zaidi, tatizo hapa hapatikani kirahisi.

Na bei, maana najua mtauliza. Mkunga anafugwa lakini hazalishwi kibiashara kama kuku au sato. Wa Japani anakwenda kutaga mbali sana, karibu na visiwa vya Mariana, watoto wanarudishwa na mkondo wa bahari wakiwa wembamba kama tambi na mwili unapitisha mwanga kama kioo, wanakamatwa pwani ndo wanapelekwa mabwawani kunenepeshwa. Kwa hiyo hata aliyefugwa alitoka porini. Tangu 2014 unagi wa Japani yupo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, wa Ulaya hali yake ni mbaya zaidi na biashara yake inadhibitiwa kimataifa tangu 2009. Ndo maana tunauza Ijumaa na Jumamosi tu, pakiti zikiisha zimeisha, na sitaki mtu amfanye chakula cha kila siku kwa ajili ya omega 3 wakati vibua wapo sokoni, wanono, wa bei ya kawaida.

Mabadiliko tuliyofanya ni haya. Kwenye menyu mpya kila oda ina gramu za samaki na gramu za wali zimeandikwa pembeni, roli unaweza kuomba ya wali nusu, na tumeongeza kitu Wajapani wanakiita uzaku, ni mkunga aliyechomwa akakatwa vipande vidogo akachanganywa na matango membamba na siki, yani kachumbari, wali hamna. Wenye kisukari hiyo ndo naweza kuwapa kwa moyo mweupe, ingawa siki yenyewe ina chembe ya sukari na nimeandika hapo kwamba ipo.

Yule mzee bado ni mteja. Anaagiza uzaku kila Ijumaa, binti yake ndo anayelipia, na kila Ijumaa mzee ananitumia ujumbe wa sauti kulalamika kwamba kikopo cha sosi kimesahaulika.